Giza la chumba cha mtoto: nizuie vipi mwanga bila kuzuia hewa?

mama_jangombe

Asalaam alaykum jamaa. Nina suala la usingizi wa mtoto, naomba majibu ya vitendo.

Mtoto wa kiume, miezi minne na wiki mbili, ananyonya tu, uzito unapanda vizuri. Nyumba ya matofali Jang'ombe, Unguja, paa la bati, dari ya plaiwudi. Chumba kina dirisha moja la aluminiamu la kusukuma, sm 120 kwa 120, linatazama mashariki, lina grili na wavu wa mbu. Juu ya dirisha kuna tundu nne za hewa. Jirani wa ng'ambo ya njia ana taa ya ulinzi inayowaka usiku kucha. Tunalala naye chumba kimoja, yeye ana kitanda chake na chandarua.

Usiku analala saa 3 baada ya kubembelezwa saa nzima. Ananyonya mara mbili, halafu saa 11 alfajiri anafungua macho na halali tena. Mchana analala nusu saa tu, anaamka kakunja uso, usingizi haujamtoka. Nimetundika kanga mbili dirishani, hazijasaidia. Nimenunua mifuko myeusi ya nailoni niibandike kwenye kioo, lakini naogopa joto. Kaskazi hii chumba ni tanuri. Na mama mkwe hataki kabisa kusikia mtoto analazwa gizani.

Giza liwe kiasi gani? Nizibe nini na niache nini? Na usiku nikiamka kumnyonyesha niwashe taa gani?

---

fundi_mwanakwerekwe

Wa alaykum salaam dada. Hiyo mifuko usiibandike. Nailoni nyeusi nyuma ya kioo kinachopigwa jua inapata moto na kuurudisha chumbani, inatoa harufu, na mvuke unajikusanya kati yake na kioo. Masika ikifika utakuta ukungu mweusi kwenye fremu. Kioo chenyewe kikiwa cha moto katikati na baridi pembeni kwenye fremu kinaweza kupasuka. Na kubwa zaidi: gundi ikilegea usiku, karatasi ya nailoni inaangukia kitandani kwa mtoto ambaye hajui kuiondoa usoni. Hilo peke yake linatosha kuikataa.

Kanga hazikusaidia kwa sababu ni pamba nyepesi, ishike juani uone. Lakini hata ungetundika blanketi, mwanga ungeingia vilevile, kwa sababu sehemu kubwa inapita pembeni na juu ya kitambaa, haipiti katikati. Watu wananunua kitambaa cha bei, wanakikata sawasawa na fremu, halafu wanashangaa chumba bado cheupe.

Shika jambo moja: mwanga unakwenda moja kwa moja, upepo unapinda kona. Kila unachojenga, kifanye kiwe na kona mbili. Upepo utapita, mwanga utakwama.

Anza nje. Jua la asubuhi lizuie kabla halijagusa kioo, kwa sababu pazia la ndani linazuia mwanga tu, joto limeshaingia. Tundika jamvi la ukili au pazia la mianzi nje ya grili, lining'inie sm 15 hadi 20 mbali na ukuta, lipite upana wa dirisha sm 20 kila upande. Funga chini kwa kamba mbili lisipigwe na upepo. Hewa itapanda nyuma yake, na kioo unaweza kukiacha wazi.

Ndani, pazia. Kwa dirisha la sm 120, bomba la pazia liwe na urefu wa sm 160 na likae sm 20 juu ya fremu. Ncha za bomba zipindwe zirudi ukutani, ili kitambaa kifunge ubavuni. Hapo ndipo mapazia mengi yanapovuja. Ukikosa bomba la kupinda, bandika utepe wa velkro ukutani kila upande, na mwingine kwenye upindo wa pazia. Kitambaa cha upana wa sm 150 nunua mita 4: vipande viwili vya sm 185 kwenda chini pamoja na upindo, na kinachobaki tumia kufunika pale juu ya bomba. Chagua kile kizito chenye utando wa mpira mgongoni, au shona tabaka mbili za khaki nene. Upande unaotazama nje uwe mweupe. Watu wanadhani cheusi ndicho kinacholeta giza, kumbe nje cheusi kinafyonza joto. Kamba yoyote ya pazia ifungwe juu, mita moja na nusu kutoka sakafuni, na kitanda cha mtoto kikae mbali na dirisha, mkono wake usifike.

Sasa tundu za hewa. Usizizibe. Chini ya bati, joto linapanda na hapo ndipo linapotokea nje. Tengeneza kinga: ubao wa plaiwudi wa mm 6, upite ukingo wa tundu za mwisho sm 15 kila upande, ukae sm 7 kutoka ukutani juu ya vipande vya mbao. Chini na ubavuni funga, juu acha wazi. Hewa ya moto iliyo chini ya dari itaingia nyuma ya ubao kutokea juu na kutoka nje. Piga rangi nyeusi isiyong'aa mgongoni mwa ubao na ukutani nyuma yake, ndiyo inayomeza mwanga. Ukiacha ukuta mweupe, mwanga utaruka hadi darini na kazi yote imekwenda bure. Tumia rangi ya maji, na mtoto asilale humo mpaka harufu iishe kabisa.

Hesabu ya kuhakikisha hewa haipungui: tundu nne zenye uwazi wa sm 20 kwa 10 kila moja ni sm za mraba 800. Mwanya wako wa juu, sm 7 kwa urefu wa sm 150, ni 1,050. Mwanya lazima uzidi tundu. Ukipungua, sogeza ubao mbele zaidi.

Kupima: saa 6 mchana funga kila kitu, kaa ndani dakika tano macho yazoee, kisha zunguka na chaki utie alama kila panapovuja. Ukiona mkono wako lakini huwezi kusoma maandishi ya gazeti, basi, inatosha.

---

waya_na_swichi (Chake Chake)

Fundi kasema kweli juu ya dirisha, lakini naomba tulitazame hilo la saa 11 alfajiri, maana pale dirisha halina kosa.

Visiwani kwetu jua linachomoza baina ya kama saa 12 na saa 12 na dakika 35 asubuhi, mwaka mzima, na linazama baina ya saa 12 na dakika 10 na saa 1 kasorobo. Mwangaza wa kupambazuka unaanza kuonekana vizuri kama dakika ishirini tu kabla ya jua. Saa 11 nje bado ni giza. Nasaha nyingi zinazosambaa kuhusu mapazia mazito zimeandikwa na watu wa Ulaya, ambako mwezi wa Juni jua linazama saa 3 au saa 4 usiku na mtoto anatakiwa alale saa 1. Sisi usiku tunapewa giza bure. Pazia zito kwetu lina kazi mbili tu: usingizi wa mchana, na taa za watu.

Kwa hiyo kama mtoto anafungua macho saa 11, kuna kitu kinachotokea ndani ya nyumba saa 11. Tafuta adhana ya alfajiri, watu wanaamka, taa ya ukumbini inawashwa. Mwanga unapita chini ya mlango, kwenye tundu la ufunguo, na zaidi kwenye kioo au matofali ya matundu juu ya mlango. Simama ndani ya chumba usiku, mtu awashe taa ya ukumbi, utaona mwenyewe.

Juu ya mlango fanya kinga ileile ya fundi, ubao wenye mwanya. Chini ya mlango weka kitambaa kilichoviringwa, ila hakikisha hewa ya msalaba, ile inayoingia upande mmoja na kutokea wa pili, ina njia nyingine. Njia rahisi kuliko zote ni kubadilisha taa ya ukumbi. Soma boksi la taa: ikiandikwa 6500K ni nyeupe yenye ubuluu, hiyo ndiyo inayoamsha. Tafuta 2700K au 3000K, ya wati 3 hadi 5, na uiweke kwenye soketi ya ukutani badala ya darini.

Taa ya jirani: ongea naye kwa wema, aielekeze chini na aifunike kofia ya bati upande wenu. Haimpunguzii ulinzi. Taa inayopiga machoni inamficha mwizi nyuma yake, inayomulika chini inamwonesha.

Na zile nukta ndogo: taa ya soketi ya upanuzi, ya ruta, ya feni ya rimoti, ya chaja. Chumba kikishakuwa giza kweli, nukta ya buluu inawaka kama nyota. Funika kwa utepe mweusi wa umeme, mara mbili. Matundu ya kupoza kifaa usiyafunike.

Kunyonyesha usiku: taa nyekundu ya LED, ya wati 1 au chini, ichomeke karibu na sakafu nyuma ya kitanda ili mtoto asiione yenyewe, aone mwangaza wake tu. Iwe nyekundu ya asili. Usifunge kanga wala karatasi kwenye taa ya kawaida, taa za zamani za waya zinachoma kitambaa.

---

mkunga_wete

Nitaanza na mtoto mwenyewe, kwa sababu giza lina umri wake.

Mtoto akizaliwa hana usiku wala mchana. Tumboni alikuwa anapata melatonini ya mama, homoni ile inayotolewa kichwani giza likiingia. Akitoka anaikosa, na mzunguko wake mwenyewe unaanza kujengeka baina ya mwezi wa pili na wa nne. Ndiyo maana mama wa mtoto wa wiki tatu akiweka pazia zito haoni tofauti, na wala hajakosea kitu. Mama_jangombe, mwanao yupo katika umri ambao giza linaanza kufanya kazi. Lenzi ya jicho la mtoto ni safi kuliko yetu, kwa hiyo taa ileile inamfikishia mwanga mwingi zaidi, hasa ule wa ubuluu.

Lakini giza la usiku ni nusu ya dawa. Nusu ya pili ni mwanga wa mchana, na hii ndiyo tunayoisahau. Utafiti wa Yvonne Harrison uliochapishwa mwaka 2004, wa watoto wa wiki 6 hadi 12, ulikuta waliolala vizuri usiku ndio waliopata mwanga mwingi zaidi baada ya adhuhuri. Huo ulifanyika Uingereza, kwenye mawingu. Sisi kivuli cha mwembe tu kina maelfu ya luksi (kipimo cha mwanga), wakati chumba chenye taa kina mia chache. Mtoto asiwekwe juani, kivuli kinatosha. Asubuhi saa 1 fungua pazia lote, mtoe barazani nusu saa. Baada ya adhuhuri tena, akiwa macho, akae uwani au ukumbini penye mwanga, si chumbani.

Hapa niwaambie na wazazi mlio kwenye arubaini. Chumba cha mzazi kwetu kinafungwa madirisha mchana kutwa, mtoto haoni nuru hadi siku arubaini. Pumzikeni, kaeni ndani, hakuna ubaya. Lakini mchana dirisha lifunguliwe. Mbali na usingizi kuna jambo kubwa zaidi: umanjano hauonekani gizani. Kila siku mpelekeni mtoto dirishani kwenye mwanga wa mchana, mbonyeze kidole pajini au kifuani, tazameni ngozi ikirudi rangi, na weupe wa macho, na fizi. Akiwa manjano ndani ya saa 24 za kwanza, au viganja na nyayo zikiwa manjano, au analala kupita kiasi na ni vigumu kumwamsha, au hanyonyi vizuri, au umanjano umepita wiki mbili, ni hospitali. Jua la asubuhi si badala ya taa za hospitali za kutibu umanjano.

Turudi kwa mtoto wa miezi minne na nusu. Shirika la Afya Duniani linataja saa 12 hadi 16 za usingizi kwa siku kwa watoto wa miezi 4 hadi 11, mchana ukiwemo. Wa kwako analala saa 3 usiku akiwa amechoka kupita kiasi, na mtoto aliyechoka sana hupigana na usingizi. Ule muda wa kubembeleza saa nzima unatokana na hapo.

Jioni fanya hivi. Magharibi ikiingia, zima taa kubwa ya chumba, bakisha ndogo. Televisheni na simu ziwe chumba kingine. Muogeshe kwa maji ya uvuguvugu, mvalishe, mnyonyeshe kwenye mwanga hafifu. Saa 1 na nusu usiku chumba kiwe giza kabisa, mlaze akiwa mang'amung'amu, macho yanafumba lakini hajazama. Usimsogeze kutoka saa 3 hadi saa 1 na nusu kwa siku moja; rudisha robo saa kila siku mbili.

Mchana asikae macho zaidi ya saa moja na nusu hadi mbili kabla ya kulazwa tena. Dalili ya kwanza ni kutazama mbali na kutulia. Akishasugua macho na kupinda mgongo umechelewa. Usingizi wake unakwenda kwa mzunguko wa kama dakika 45. Akifika mwisho wa mzunguko anaamka kidogo, na kama chumba ni cheupe anaona feni, anaona pazia lenye maua, basi usingizi umekwisha. Hapo giza ndipo linapokusaidia. Akijinyonganyonga subiri dakika mbili tatu kabla ya kumnyanyua, mara nyingi atarudi mwenyewe. Lakini usingizi wa mchana usimwache upite saa mbili kwa mkupuo. Fungua pazia, aamke na nuru.

Maziwa yako ya usiku yana melatonini, ya mchana karibu hayana. Kwa anayekamua ili arudi kazini, andika saa kwenye chupa, na yaliyokamuliwa usiku mtoto apewe usiku.

Pampasi ya usiku ibadilishwe ikiwa na choo kikubwa au imejaa inavuja. Mkojo mdogo usimwamshie mtoto.

---

bi_kikwajuni

Mwanangu, mie nazungumza juu ya mama mkwe wako, kwa sababu pazia utashona na yeye akija atalifungua.

Usishindane naye. Hofu yake ina mapenzi ndani yake: mtoto mchanga haachwi peke yake gizani, na katika hilo peke yake mkunga yeyote atamuunga mkono, mtoto alale chumba kimoja na wazazi kwa miezi sita ya mwanzo si chini. Mwambie hivyo, kwamba hatakuwa peke yake. Kisha mkumbushe hadithi ya Jabir iliyomo katika Bukhari na Muslim: Mtume (s.a.w.) kafundisha watoto wazuiwe ndani jua linapozama, na taa zizimwe wakati wa kulala. Mambo mawili hayo yamo pamoja. Msomeeni mtoto Ayatul Kursi, kisha taa izimwe. Mtoto wa umri huo hana woga wa giza, woga huo unakuja akishaanza kuwaza na kusimulia, miaka miwili na kuendelea.

Ila kuna vitu ambavyo kwenye giza vinakuwa hatari, na hapa lazima uwe mkali kwa adabu. Kisu au mkasi chini ya godoro, vitoke. Hirizi ya shingoni au uzi wowote shingoni, avuliwe anapolala. Ikibidi iwekwe kabatini. Ule mto mdogo wa kutengeneza kichwa, na mito mingine, itoke kitandani. Mtoto alale chali, godoro gumu, shuka iliyobanwa. Ubani na udi ufukizwe chumba kikiwa kitupu, madirisha wazi, na moshi uishe kabla hajaingizwa. Dawa ya mbu ya kuchoma ndiyo usiwashe kabisa, una chandarua.

Na jambo moja nimelisubiri mtu alitaje, halikutajwa: msitupe kanga wala shuka juu ya chandarua ili kupata giza. Wengi wanafanya hivyo mchana. Wavu wenyewe umeshapunguza upepo; ukiweka kitambaa juu, ndani kunakuwa na joto na hewa iliyokwisha kutumika, na humwoni mtoto uso. Vivyo hivyo kigari cha mtoto kufunikwa kanga. Giza liwe la chumba, lisiwe la kitanda.

---

mama_jangombe

Allah awalipe. Nimejaribu la waya_na_swichi jana usiku: juu ya mlango kuna kioo cha sm 75 kwa 30, na ukumbini tuna taa ya 6500K. Ukiwashwa mwanga unapiga moja kwa moja kitandani kwake. Kumbe nilikuwa nahangaika na dirisha bure.

Nina mengine matatu. Umeme ukikatika feni inasimama, je, nifungue pazia? Ramadhani inapokuja, daku tunaamka saa 9 au saa 10, nyumba yote inawaka. Na joto nitalijuaje kama limezidi wakati mtoto yupo gizani?

---

mkunga_wete

La joto kwanza. Weka vidole nyuma ya shingo yake au kifuani ndani ya nguo. Mikono na miguu ya mtoto inakuwa baridi hata akiwa na joto, usiifuate hiyo. Shingo ikiwa imelowa jasho, au kifua ni cha moto, au anapumua haraka, au ana vipele vya joto, punguza nguo. Kaskazi: pampasi na fulana moja ya pamba basi, hata fulana unaweza kuitoa. Bila kofia, bila soksi. Kumfunga nguo kama pipi kumalizike sasa, umri wa miezi minne anaanza kujigeuza na mikono lazima iwe huru. Kusi ikivuma na usiku ukipoa, ongeza tabaka moja nyepesi, usiongeze blanketi.

Feni isimpige usoni. Ielekeze kwenye ukuta wa pili au iweke inayozunguka, hewa itembee.

Umeme ukikatika usiku: ndiyo, fungua pazia na kioo, wavu ubaki. Nje ni giza na mara nyingi taa ya jirani nayo imezimika. Ukikatika mchana, mtoe mtoto nje ya chumba akalale ukumbini penye upepo, hata kama atalala nusu saa. Baina ya giza na hewa, chagua hewa kila siku. Usingizi mfupi hauui mtoto, joto linaweza.

Kandili na kibatari visiingie chumba cha mtoto, moshi na chandarua havipatani. Tochi ya kuchaji, iliyoelekezwa ukutani na kuwekwa chini, inatosha.

---

waya_na_swichi

Daku: taa nyekundu ile ya wati 1, nunua mbili, moja iwe ukumbini. Sahani na sufuria ziandaliwe kabla ya kulala, jikoni washa taa na mlango ufungwe. Mtoto akiamka saa 10 kunyonya, mnyonyeshe chumbani gizani na umrudishe, usimpeleke mkekani kwenye daku hata kama watu wanamtaka. Akiona taa, sahani na nyuso za watu siku tatu mfululizo, ataanza kuamka saa hiyo bila kuamshwa, na Ramadhani ikiisha atakuwa bado anaamka. Ngoma ya kuamshia daku ikipita njiani huwezi kuizuia, lakini sauti iliyopita ndani ya giza aghlabu anarudi nayo usingizini. Ikikutana na taa, ndiyo basi.

Simu yako: punguza mwanga hadi chini kabisa, washa rangi ya joto, na iweke nyuma ya bega lako. Bora uiache mezani.

---

fundi_mwanakwerekwe

Kioo cha juu ya mlango: kama hakifunguki, hakina kazi ya hewa, kibandike karatasi ya boksi upande wa ukumbini kwa utepe wa karatasi, ukate mm 5 pungufu kila upande kisha utepe ufunike ukingo. Nusu saa imekwisha. Pale hapapigwi jua, kwa hiyo yale ya kioo kupasuka hayahusu. Kama kinafunguka, basi ubao wa sm 105 kwa 45, mwanya uuhesabu kama wa dirishani usipungue uwazi wa kioo, uwekwe upande wa chumbani, ubavuni na chini umefungwa, juu wazi, kama ule wa dirishani. Tumia skrubu na plagi, si misumari, plasta ya zamani inabomoka na ubao ule upo juu ya njia ya kupita.

Kwa mpangilio wa pesa: mlango na taa ya ukumbi kwanza, kisha jamvi la nje, kisha tundu za hewa, pazia mwisho. Nikijua la saa 11 mapema, ningeanza na mlango.

---

mkunga_wete

Nyongeza moja, mama_jangombe. Ukishafanya yote haya, mpe siku 7 hadi 10 bila kubadilisha kitu. Andika kwenye karatasi saa ya kulala, ya kuamka, na ya kunyonya. Asipobadilika, tatizo si mwanga: tazama pua iliyoziba, kikohozi, kuvuta sikio, kutapika baada ya kunyonya, au njaa ya kweli. Homa ya 38 au zaidi, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Kwa mtoto aliye chini ya miezi mitatu usingoje hata saa moja. Na kila unapoamka usiku, gusa kifua chake na umtazame uso kwa ile taa nyekundu. Rangi ya midomo huwezi kuiona vizuri kwenye nyekundu, kwa hiyo ukiwa na shaka yoyote, washa taa kubwa. Usingizi utarudi.